Mtetemo wa Injini katika Mashua Yetu ya Tanga

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya kamati ya mashua mbele ya wanachama wa tawi, Mombasa)



Tumeombwa na tawi tueleze fedha za mashua zimekwenda wapi, na kwa nini kamati haikununua injini mpya kama wengi walivyotaka katika mkutano uliopita. Ni swali la haki. Shilingi zilizomo katika ile mashua zilitoka katika mishahara yenu mwezi kwa mwezi, wala si mali ya kamati. Basi tutajibu kwa ufundi, kwa sababu jibu lenyewe ni la ufundi, na tutakwenda polepole ili makarani walio kati yetu wapate kufuata pamoja na watu wa karakana.

Wengi mnaijua mashua. Ni ya faiba, urefu wake futi 30, iliundwa Ulaya katika miaka ya 1970, ina mlingoti mmoja na matanga mawili. Chini ya ngazi ya kuingilia chumbani mna injini ya dizeli, Yanmar ya silinda mbili, aina ya 2GM20, iliyowekwa na mwenyeji wa zamani baada ya injini ya kwanza kufa. Injini hiyo pamoja na giaboksi yake ina uzito wa kilo 114 hivi. Si kitu kikubwa. Mtu wa garimoshi akiiona anacheka.

Kuna ndugu mmoja aliyeuliza mashua ya tanga yataka injini ya nini, na upepo ni wa bure. Tumjibu mara moja tuendelee. Sisi hutoka na kuingia kwa mlango wa Mtwapa, na pande zote mbili za mlango ule ni mwamba. Maji yakiwa yanatoka, na upepo ukikata hapo hapo mlangoni, tanga halikusaidii neno. Unazo dakika chache tu. Ama injini ikuvute, ama utie nanga na kuomba ishike. Na siku za Jumapili ndani ya mashua hiyo mna wake zetu na watoto. Kwa hivyo injini ya mashua ya tanga, ingawa inafanya kazi saa moja kwa siku, ile saa moja ndiyo saa yenyewe.

Sasa habari ya mtetemo. Kwa muda wa miezi mingi injini ilikuwa ikitetemeka. Ikizunguka taratibu, vikombe vilicheza rafuni, mlango wa kabati ulijifungua wenyewe, na nyaya za mlingoti zilikuwa zikilia kama nyuzi za zeze. Watu walizoea. Walisema, "Ni mashua kuukuu, ndivyo zilivyo." Neno hili ndilo kamati ilikataa kulipokea. Uzee wa mashua hautetemeshi kitu. Kinachotetemesha ni kitu fulani, kina jina, na chaweza kupimwa kwa rula na kuonekana kwa tochi.

Tena mtetemo si kelele tu ya kuudhi masikio. Tuliteremka chini na taa tukatazama umefanya nini. Nati mbili za koplingi, yaani pale shafti ya rafadha inapoungwa na giaboksi, zilikuwa zimelegea hata zikazungushwa kwa vidole. Bomba la dizeli la shaba lilikuwa limejisugua juu ya ukingo wa chuma mpaka likang'aa. Lingetoboka siku moja, na dizeli ikamwagika karibu na ekzosi yenye moto. Lakini baya kuliko yote lilikuwa nyuma kabisa. Shafti hutoka nje ya mashua kwa kupitia bomba, na mwisho wa bomba hilo ndani mna boksi lenye pakingi ya kuzuia bahari isiingie, nalo limeshikwa na kipande cha hozi nene. Boksi la namna hii hudondosha matone machache shafti inapozunguka, na hiyo ni sawa, maana matone hayo ndiyo yanayopoza pakingi. La kwetu halikuwa likidondosha, lilikuwa likitiririka. Shafti ilikuwa ikipiga huku na huku na kuila pakingi, na ile hozi ilikuwa ikipindwa kila mzunguko. Hozi hiyo ikipasuka, ndugu zetu, shimo linalobaki ni kubwa kuliko pampu yoyote tuliyo nayo ndani.

Ndipo kamati ikasema kwamba mashua haitoki tena mpaka jambo hili limalizwe. Watu walikasirika, maana ilikuwa msimu wa samaki. Tunajua.

Wakati huo fundi mmoja wa pwani, ambaye hatutamtaja, alikuja akaitazama injini kwa dakika kumi akasema imekwisha, tununue mpya. Bei yake ingekula akiba yetu yote na kutuacha na deni. Hatusemi alikuwa na nia mbaya. Pengine kwake kila ugonjwa dawa ni moja. Lakini sisi ni watu wa reli, na katika karakana hatutupi mashine kabla ya kuiuliza maswali.

Swali la kwanza tuliloiuliza ni hili: je, silinda zote mbili zinafanya kazi? Injini ya silinda mbili ambayo moja imelala hutetemeka kama mgonjwa wa malaria, hata ungeilaza juu ya pamba. Tuliiwasha, tukalegeza nati ya bomba la nozeli ya silinda ya kwanza kwa robo mzunguko, na kitambaa juu yake ili dizeli isiruke machoni. Injini ikaanguka sauti. Tukaikaza, tukalegeza ya pili. Ikaanguka vile vile. Maana yake zote mbili zilikuwa zikichangia kazi sawasawa. Kama tungelegeza moja na sauti isibadilike, hiyo ndiyo ingekuwa mvivu.

Swali la pili: je, mtetemo umo katika injini ama katika shafti? Hili hujulikana kwa kuizungusha injini bila gia, kisha kwa kutia gia mashua ikiwa imefungwa vizuri gatini. Kama inatetemeka baada ya kutia gia tu, tafuta rafadha iliyopinda, au iliyoota magamba ya bahari upande mmoja, au shafti isiyonyoka. Yetu ilitetemeka hata bila gia, na kwa gia ikazidi. Basi tulijua kuna jambo hapo injini ilipokalia, na pengine jambo la pili nyuma yake. Mmoja wetu aliyezaliwa Kipini aliingia majini akaishika rafadha kwa mikono. Ilikuwa na magamba kidogo, akayakwangua, lakini majani yake yalikuwa mazima.

Ndipo tukafika kwenye raba. Injini ya namna hii haikai juu ya mbao au faiba moja kwa moja. Ina miguu minne, na kila mguu umesimama juu ya kipande cha raba kilichobanwa kati ya vyuma viwili, chini bamba lenye matundu ya bolti, juu kofia ya chuma na bolti ndefu yenye nati mbili za kupandisha na kushusha. Mafundi wa gereji huziita mauntingi, nasi tutaziita hivyo hivyo.

Raba hizo si pambo. Zamani injini za magari zilifungwa kwa chuma juu ya chuma, na kila pigo la silinda lilifika katika mifupa ya dereva. Mwaka 1931 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliweka injini ya gari lao la Plymouth juu ya raba, na gari la silinda nne likawa tulivu hata watu wakashangaa. Baadaye kidogo Citroën wa Ufaransa nao wakauchukua utaratibu huo. Sisi wa reli twaijua raba pia katika bogi za mabehewa. Tofauti ya mashuani ni kwamba raba ile ina kazi mbili. Inazuia mtetemo usiingie katika mashua, na wakati huo huo inabeba msukumo wa rafadha. Rafadha ikisukuma maji nyuma, shafti inasukuma giaboksi mbele, giaboksi inasukuma injini, na injini inaisukuma mashua kwa kupitia zile raba nne. Hakuna njia nyingine. Mashua nzima husukumwa na vipande vinne vya raba ambavyo ungeviweka katika kikapu kimoja.

Tulipozitazama kwa tochi tulikuta hivi. Ya mbele kushoto ilikuwa imelainika kama halua, kwa sababu kichujio cha dizeli kiko juu yake na kwa miaka kilikuwa kikidondosha. Raba ya asili haipatani na mafuta; huvimba, hulainika, kisha huachana na chuma. Ya mbele kulia ilikuwa ngumu na yenye nyufa. Ya nyuma kulia ilikuwa imeshuka hata kofia yake inagusa bamba la chini, chuma kwa chuma, kwa hivyo pale hapakuwa na raba tena ila kwa jina. Na ya nyuma kushoto! Mtu mmoja alitia gongo la mti chini ya mguu wa injini akainua kidogo, mwingine akatazama, na raba ikafunguka kama kinywa. Ilikuwa imekatika kabisa. Kwa miezi mingi injini ile ilikuwa na miguu mitatu, na huo wa tatu ulikuwa umekufa ganzi.

Hapo tulipata jibu kwa wale waliotaka injini mpya. Injini mpya ingewekwa wapi? Kama ingewekwa juu ya raba zile zile, ingetetemeka vile vile. Na kama ingewekwa juu ya raba mpya, basi raba mpya ndizo dawa, na injini ya zamani nayo itazifurahia. Kamati iliamua kununua mauntingi nne, pakingi mpya, hozi mpya ya boksi pamoja na vibano vyake vya chuma kisichoshika kutu, na kipande cha bomba laini la dizeli mahali pa lile la shaba lililosuguliwa. Risiti zote ziko kwa mweka hazina. Njooni mzitazame.

Wengine mliuliza kwa nini nne, na iliyokatika ni moja. Swali zuri. Raba mpya huwa juu na ina nguvu, ya zamani imeshuka na imechoka. Ukiweka mpya moja na kuukuu tatu, injini inainama, ile mpya inabeba mzigo wa jirani zake, nayo itachoka kabla ya wakati. Tena huwezi kuinyoosha shafti sawasawa juu ya miguu ambayo mmoja unashuka kwa mwendo wake na mwingine kwa mwendo wake.

Kulikuwa pia na shauri la kukata tairi la lori na kutengeneza raba sisi wenyewe. Tunawaheshimu waliotoa shauri hilo, kwa maana jua kali imetuokoa mara nyingi. Lakini tairi lina nyuzi ndani, ni gumu mno, na halikuunganishwa na chuma. Litabeba uzito ukiwa umetulia, lakini msukumo wa rafadha utalitelezesha. Raba ya injini haipimwi kwa unene tu. Ikiwa ngumu kupita kiasi ni sawa na kutokuwa nayo. Ikiwa laini kupita kiasi injini inarukaruka na kuivuta shafti. Lazima ilingane na uzito inaoubeba. Kilo 114 zikigawanywa kwa nne ni kama kilo 28 na nusu kila mguu, lakini mgawo wa kweli si sawa hivyo, kwa sababu giaboksi iko nyuma, na kwa hivyo yafaa kutazama namba iliyopigwa chapa juu ya kila raba na kuagiza ile inayostahili mbele kwa mbele na ya nyuma kwa nyuma. Namba zetu zilikuwa zimeliwa na kutu; mbili zilisomeka baada ya kusugua kwa brashi ya waya, na hizo zilitosha.

Kazi yenyewe ilichukua Jumamosi mbili na jioni tatu. Tangu siku tatu kabla tulikuwa tukizilowesha nati za zamani kwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu, asubuhi na jioni. Usidharau hilo. Bolti iliyoshika kutu katika msingi wa faiba ikikatika, kazi ya saa moja inakuwa ya wiki. Tuliondoa waya wa betri, tukafunga koki ya maji ya bahari, tukapima urefu wa kila mguu kutoka juu ya msingi na kuuandika ubaoni kwa chaki. Kisha tukaifungua koplingi ili injini isiivute shafti tunapoiinua, tukalegeza hozi ya ekzosi na kamba za gia na za mwendo.

Hatukuitoa injini nje. Tuliweka boriti juu ya mlango wa chumba, tukatundika chenibloku, na kuushika uzito tu, bila kuining'iniza. Kisha tukabadili mguu mmoja, tukaurudisha chini, ndipo mwingine. Namna hii injini haipotezi mahali pake. Na mtu asiweke mkono chini ya injini wakati inategemea mnyororo peke yake; hilo tulilisimamia kama tunavyolisimamia chini ya behewa lililoinuliwa. Kila bolti ya juu ya raba ilishikwa kwa spana moja huku nati ikikazwa kwa spana nyingine, maana ukiikaza bila kuishika unaisokota raba, na raba iliyosokotwa imeanza maisha yake na ugonjwa. Tena tulihakikisha nati za kubebea ziko chini karibu na kofia, wala hazikupanda hadi ncha ya bolti. Mguu mrefu ni mguu dhaifu. Mahali palipotaka kupandishwa zaidi tuliweka bamba la chuma chini ya muntingi nzima.

Sasa sikilizeni hili kwa makini, kwa sababu ndipo mafundi wengi huharibu kazi nzuri. Ukishaweka raba mpya, kazi haijakwisha. Iko nusu.

Shafti na giaboksi lazima vitazamane sawasawa. Vile visahani viwili vya koplingi vikisogezwa mpaka vikaribie kugusana, nafasi iliyo kati yao iwe ileile juu, chini, kulia na kushoto. Kanuni ya kale ya mafundi ni kwamba tofauti isizidi sehemu moja ya elfu ya inchi kwa kila inchi ya upana wa kisahani. Chetu kina upana wa inchi 4, yaani milimita 100 na kidogo, kwa hivyo ruhusa yetu ni sehemu 4 za elfu ya inchi, milimita 0.1. Ni unene wa karatasi moja ya taipu. Wenzetu wanaounganisha injini na jenereta katika karakana ya dizeli hawatastaajabu, lakini kwa wavuvi wengi ni habari mpya.

Na kipimo hicho hakichukuliwi mashua ikiwa juu ya chelezo. Mashua ikiwa nchi kavu imekalia mkuku wake na magogo ya pembeni. Ikiwa majini inabebwa na maji kila mahali, na nyaya za mlingoti zimekazwa. Umbo lake hubadilika kidogo, na kidogo hicho ni zaidi ya karatasi moja. Tena raba mpya hushuka zikishabeba mzigo. Kwa hivyo tuliiacha mashua majini na injini yake juu ya raba mpya, koplingi ikiwa bado wazi, tangu Jumamosi hadi Jumamosi iliyofuata. Kulikuwa na manung'uniko hapo, "Mbona kamati imelala?" Kamati haikulala, ilikuwa ikizingoja raba.

Jumamosi ya pili tulishika filageji, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kwanza tuliishika shafti katikati ya nafasi yake, kwa sababu ikiachwa huru huinama kwa uzito wake na kukudanganya. Juu nafasi ilikuwa kubwa kuliko chini kwa karibu milimita 0.6, mara sita ya ruhusa. Tukazipandisha nati za mbele na kuzishusha za nyuma, robo mzunguko, kipimo, robo mzunguko, kipimo. Kwa upande wa kulia na kushoto tulisogeza miguu katika matundu yake marefu kwa kugonga kidogo na nyundo ya mti. Kila unaporekebisha upande mmoja, mwingine unakimbia. Ilichukua saa nne. Tuligeuza kisahani kimoja nusu mzunguko na kingine kikiwa kimesimama, tukapima tena, ili tujue kama kisahani chenyewe kimepinda, hakikupinda. Mwisho tulipata tofauti ya milimita 0.08. Tukakaza nati za juu, tukapima tena baada ya kukaza, maana kukaza nako husogeza, ndipo tukafunga koplingi kwa bolti mpya.

Je, mtetemo umekwisha? Hatutawaambia uwongo. Injini ya silinda mbili haitakuwa kamwe kama cherehani. Vikombe sasa vimetulia, nyaya hazilii, boksi linadondosha matone tu kama inavyotakiwa, na mtu aweza kuzungumza chumbani bila kupiga kelele. Lakini mtaona kwamba injini ikizunguka taratibu sana, karibu na 800 kwa dakika, bado kuna kucheza. Sababu yake ni hii. Kila kitu kilichokaa juu ya springi kina mwendo wake wa asili, kama pembea ya mtoto. Ukiisukuma pembea kwa mwendo wake inapanda juu sana kwa nguvu kidogo tu. Injini yetu ni ya mipigo minne, kila silinda hupiga mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hivyo silinda mbili kwa mizunguko 800 hupiga mara 800 kwa dakika, kama mara 13 kwa sekunde. Hapo mapigo yako karibu na mwendo wa asili wa injini juu ya raba zake, nayo pembea inapanda. Raba huanza kutuliza pale tu mapigo yanapopita mwendo huo wa asili kwa mara 1.4 hivi, kabla ya hapo haitulizi, bali huongeza. Kwa hivyo msiiache injini ikizunguka taratibu kupita kiasi. Mkiiwasha, ipelekeni hadi 1,000 au 1,200, nanyi mtaisikia inanyamaza mkononi.

Neno moja la kando, kwa kuwa hiki ni chama cha wafanyakazi wala si cha mabaharia. Mtetemo haudhuru vyuma peke yake. Mwaka 1918 daktari mmoja mwanamke wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliokuwa wakishika nyundo za upepo kutwa nzima, akakuta vidole vyao vinakuwa vyeupe na kufa ganzi wakati wa baridi. Ni zaidi ya miaka mia moja sasa, na bado kuna wasimamizi wanaowaambia vijana wanaoshika mashine za kushindilia kokoto relini kwamba ganzi ile ni uvivu. Kwa kelele, kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinasema mfanyakazi asipate zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Mwenye ganzi mikononi amwone katibu baada ya mkutano, jina lake liandikwe. Tumalize habari ya mashua.

Fedha iliyobaki imerudi katika akiba. Mweka hazina atasoma hesabu yake baada yetu. Kamati inaomba mkutano upitishe mambo haya. Nati zote za mauntingi na za koplingi zikaguliwe baada ya saa 25 za kwanza za injini, na kipimo cha filageji kirudiwe, kwa kuwa raba zitakuwa zimeshuka kidogo tena. Baada ya hapo, mara moja kila mwaka kabla ya kusi kuanza. Kibati cha bati kimewekwa chini ya kichujio cha dizeli ili matone yasiifikie raba ya kushoto. Anayebadili kichujio akirudishe mahali pake. Na kila nahodha wa Jumapili atazame boksi la shafti kabla ya kufungua kamba na baada ya kurudi, ahesabu matone kwa dakika moja, aandike katika daftari lililofungwa kwa uzi karibu na dira.

Filageji na spana mbili za nati za raba zimo katika sanduku jekundu la tawi. Ufunguo uko kwa ndugu wa stoo, na anayechukua chombo atie sahihi. Zamu ya ukaguzi wa kwanza ni ya watu wa karakana ya mabehewa, Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, maji yatakapokuwa yamejaa.